Barabara ya Liboi: Garissa na Wazazi wa Askari Waendao Vitani

Barabara inayotoka Garissa kuelekea mashariki hufika Dadaab baada ya takriban kilomita 100, kisha Liboi, na kutoka Liboi ni mwendo mfupi hadi mpaka wa Somalia. Ng'ambo ya mpaka kuna Dhobley, halafu Afmadow, na mwisho wake ni bahari ya Kismayu. Kwa mfugaji hii ni njia ya mifugo na ya soko. Kwa jeshi ni mlango wa vita. Mara mbili majeshi yaliyotoka Kenya yameifuata njia hiyo yakiwania Kismayu, mwaka 1941 na mwaka 2011, na mara zote mbili malori yalibeba vijana wengi ambao hawakuwa wamewahi kurushiwa risasi. Nyuma yao, katika vijiji vya Ukambani, Bonde la Ufa, Nyanza na Kaskazini Mashariki kwenyewe, walibaki wazazi wakingoja habari. Mambo ya majenerali wa vita hivyo yameandikwa sana. Ya wazazi yameandikwa kidogo, na ukiyafuata tangu mwanzo utaona kwamba hofu yao imepungua au kuzidi kufuatana na jambo moja kuliko mengine yote: nani huwapa habari, na baada ya muda gani.

Jeshi la kikoloni katika eneo hili, King's African Rifles, liliundwa mwaka 1902, na wenyeji wakalifupisha jina na kuliita Keya. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, maelfu kwa maelfu ya vijana walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi hilo dhidi ya Wajerumani, na jina la kikosi chao limebaki katika mitaa ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Wengi wao walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Wazazi wa wakati huo hawakuwa na barua wala posta ya kutegemea. Mtu aliondoka, na akipita msimu baada ya msimu bila kurudi, ndugu walikubaliana wenyewe kwamba amekufa.

Vita vya Pili vilipoanza, Garissa ilikuwa kituo kidogo cha serikali kando ya Mto Tana, katika lile jimbo la mpakani ambalo Waingereza waliliita Northern Frontier District. Italia iliingia vitani Juni 1940, na Julai majeshi yake yakauteka mji wa Moyale. Kuanzia hapo ukingo wa Tana ukawa mstari wa mbele. Vikosi kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, kutoka Nigeria, Afrika Kusini na Afrika Mashariki vilikusanywa upande wa Kenya chini ya Jenerali Alan Cunningham. Desemba 1940 vilishambulia El Wak, na mwanzoni mwa 1941 vikasonga mbele kwa nguvu zote. Kismayu ilianguka tarehe 14 Februari na Mogadishu tarehe 25. Wafugaji wa Garissa walioona malori yakipita usiku na mchana kuelekea Liboi hawakuwa wameona magari mengi kiasi hicho tangu kuzaliwa.

Wakati wa vita hivyo Kenya pekee ilitoa Waafrika wapatao 98,000 jeshini. Safari hii habari zilikuwa na njia yake, japo ilikuwa nyembamba. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa jamaa zake nyumbani kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Fedha hiyo ilinunua mbuzi na kulipa kodi, lakini pia ilikuwa salamu. Mzee aliyetembea siku nzima kwenda kuichukua alirudi na shilingi zake na jambo kubwa zaidi ya shilingi, yaani kwamba karani amelikuta jina la mwanawe kwenye daftari. Barua zilikuja pia, zikiwa zimeandikwa na askari aliyejua kusoma kwa niaba ya wenzake kumi, na zikiwa zimepitia mikono ya wakaguzi wa jeshi. Mahali alipo mtoto hapakutajwa. Gazeti la Kiswahili la Baraza, lililoanza 1939, lilieleza vita kwa ujumla, na mwenye kusoma aliwasomea wengine chini ya mti.

Njia hiyo nyembamba ilikatika hasa wakati ambapo wazazi waliihitaji. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani katika Bahari ya Hindi, ikiwa imebeba kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki kikielekea Asia. Karibu watu 1,300 walikufa kwa dakika chache. Habari za meli kuzama hazikuruhusiwa kuenea mara moja, na nyumba nyingi ziliendelea kuwaombea wazima watu waliokwisha kulala chini ya bahari. Wenzao walifika Burma, na waliorudi wakawa wazee walioitwa kwa jina la nchi hiyo. Katika nyumba nyingi za Wakamba na Wakalenjin, mzee wa namna hiyo alikuwa hazina. Mjukuu wake alipochukuliwa jeshini, alikuwapo mtu wa kumweleza mama ni kitu gani kinamngoja kijana, na kwamba mwezi bila barua haumaanishi msiba. Nyumba nyingi za Garissa hazikuwa na mzee huyo.

Sababu yake ni namna serikali ya kikoloni ilivyolitawala jimbo la mpakani. Sheria za mwaka 1902 na 1934 zililifanya kuwa eneo lililofungwa, ambamo mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Wasomali walioajiriwa kubeba silaha wengi walikuwa dubas, askari wa utawala waliotambulikana kwa vilemba vyao vyekundu, na jina lao lenyewe latokana na maneno ya Kisomali yenye maana hiyo. Kazi yao ilikuwa kulinda visima, kufukuza wezi wa mifugo na kumsindikiza mkuu wa wilaya. Mama wa dubas alijua mwanawe yuko wapi, maana msafiri yeyote aliyepita kisimani alileta salamu zake.

Uhuru wa Desemba 1963 ulikuja pamoja na vita. Wakazi wengi wa Kaskazini Mashariki walitaka kujiunga na Somalia, na tume iliyotumwa na Waingereza mwaka 1962 ilikuwa imeliona hilo bila shaka yoyote. Walipokataliwa, baadhi yao walishika bunduki. Serikali ya Jomo Kenyatta ilitangaza hali ya hatari mwishoni mwa mwezi ule ule wa uhuru, na vita vilivyofuata, vilivyoitwa vya shifta, viliendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967 yaliyosimamiwa na Kenneth Kaunda wa Zambia. Jeshi jipya la Kenya, lililokuwa Keya hadi jana yake, lilipata vita vyake vya kwanza katika vichaka vya Tana na nyika za Garissa, Wajir na Mandera.

Kwa mzazi wa Machakos au Kericho, Garissa likawa jina la kuogofya. Kijana aliyepangiwa huko alikwenda mahali pa joto, kiu na mabomu yaliyotegwa barabarani, kupigana na watu asiowaona. Kwa mzazi wa Garissa mambo yalikuwa mazito zaidi. Jeshi liliwakusanya wafugaji katika vijiji vya lazima, mifugo ikapotea kwa maelfu, na mwanamume kijana akawa mtu wa kushukiwa kwa umri wake tu. Hali ya hatari katika mkoa huo haikuondolewa vita vilipokwisha. Iliendelea hadi 1991. Katikati ya miaka hiyo kuna Novemba 1980, nyumba za mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa zilipochomwa na watu kukusanywa katika uwanja wa shule, na kuna Februari 1984, wanaume waliposhikiliwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir na wengi kuuawa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyapokea maelezo ya walionusurika na kuyaandika katika ripoti yake ya mwaka 2013.

Pasipo kukumbuka hayo, haiwezekani kuelewa kinachompata mama wa Garissa mwanawe anapokuja nyumbani na barua ya kuitwa jeshini. Magwanda ambayo kijana anayaona kuwa ajira, mama yake aliwahi kuyakimbia. Hata hivyo milango haikufungwa kabisa. Jenerali Mahamoud Mohamed, Msomali wa Kaskazini Mashariki, ndiye aliyeongoza kuzima jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na kuanzia 1986 hadi 1996 alikuwa mkuu wa majeshi yote ya Kenya. Kwa kizazi kilichofuata, jina lake lilikuwa jibu fupi kwa kila mzazi aliyeuliza jeshi linamtakia nini mtoto wa Msomali.

Kwa muda mrefu jibu hilo lilitosha, maana jeshi la Kenya lilikuwa limejenga sifa ya kutokwenda vitani. Wanajeshi wake walitumwa Namibia mwaka 1989, baadaye Yugoslavia ya zamani na Sierra Leone, lakini chini ya Umoja wa Mataifa, kulinda amani. Wengi walirudi wazima na akiba ya posho, wakajenga nyumba za mawe na kuezeka mabati mapya. Wazazi wakaanza kuhesabu jeshi pamoja na ualimu na uuguzi: kazi ya serikali, yenye pensheni.

Siku ya kuandikisha makuruta ilionyesha wazi imani hiyo, na bado inaionyesha. Vijana hufika uwanjani kabla ya jua kuchomoza. Hupimwa urefu, hukimbizwa, hufunguliwa kinywa meno yakahesabiwa, huambiwa wanyooshe mikono na miguu ili maungo yaonekane. Nje ya kamba wamekaa wazazi, mama akiwa ameshika bahasha ya kaki yenye cheti cha kuzaliwa, cha shule na kitambulisho, ameibana kifuani isipeperushwe na upepo wala kuchafuliwa na vumbi. Kwa familia za Kaskazini Mashariki, kitambulisho hicho peke yake kinaweza kuwa kimetafutwa kwa miaka, kwa kuwa tangu msako wa Wasomali wa mwaka 1989 kijana wa huko alipaswa kuthibitisha uraia wake mbele ya kamati ambazo kijana wa Nyeri hakuzijua. Anayechaguliwa hubebwa juujuu. Asiyechaguliwa huondoka kimya. Katika furaha hiyo, miaka hiyo ya nyuma, vita havikutajwa.

Dalili ya kwanza kwamba mambo yamebadilika ilikuja Oktoba 2009, nayo ilikuja kwa mlango wa nyuma. Vijana walianza kuandikishwa katika kambi za wakimbizi za Dadaab na katika miji ya jirani, Garissa ikiwamo, ili wakapigane upande wa serikali ya mpito ya Somalia. Human Rights Watch ilitoa taarifa mwezi huo huo ikieleza kwamba waandikishaji waliahidi mishahara mikubwa, hadi dola 600 kwa mwezi, na kwamba miongoni mwa walioandikishwa wamo wasiotimiza miaka 18. Maofisa wa serikali ya Kenya walikanusha kuhusika. Wakati huo huo, mjini Garissa walikuwapo wazazi ambao watoto wao walikuwa hawajaonekana kwa siku kadhaa. Baadhi ya vijana waliondoka bila kuaga, na wazazi walipata habari kwa marafiki wa vijana hao au kwa waliotoroka njiani na kurudi.

Hapo ndipo hofu ya mzazi ilipokosa hata pa kupelekwa. Mzazi wa askari wa Keya mwaka 1941 alikuwa na ofisi ya mkuu wa wilaya. Mzazi wa mwanajeshi wa Kenya alikuwa na kambi, namba ya utumishi na jina la bataliani. Mzazi wa Garissa mwaka 2009 alikuwa na mtoto katika jeshi ambalo serikali yake ilisema halipo. Katika desturi ya Wasomali, kijana haendi safari ya mbali bila duco, yaani baraka za wazazi, na hofu ya laana ya mzazi ni kubwa kama ile ya njaa. Mwana kwenda vitani bila duco lilikuwa jeraha lenyewe, hata kabla ya risasi yoyote kufyatuliwa. Serikali iliyotumia au kuachia vijana hao watumiwe iliwadai wazazi imani ambayo haikuwa imewalipa tangu 1963.

Miaka miwili baadaye vita vikatangazwa waziwazi. Septemba 2011 Mwingereza mmoja aliuawa na mkewe kutekwa katika hoteli ya Kiwayu, karibu na Lamu. Oktoba tarehe 1 mwanamke Mfaransa alitekwa katika kisiwa cha Manda, na tarehe 13 Wahispania wawili wa shirika la madaktari wakatekwa Dadaab. Mawaziri George Saitoti wa usalama wa ndani na Yusuf Haji wa ulinzi wakatangaza kwamba wapiganaji wa Kisomali wa al-Shabaab watafuatwa huko huko waliko. Haji alikuwa mbunge wa Ijara, mtoto wa ardhi ile ile ambayo malori yangepita. Katikati ya mwezi huo wanajeshi wakavuka mpaka. Operesheni ikaitwa Linda Nchi.

Siku chache tu tangu kuanza, helikopta ya jeshi ilianguka karibu na Liboi na wanajeshi watano wakafa. Kisha mvua za vuli zikanyesha, udongo mweusi ukayanasa magari ya deraya, na mwendo uliodhaniwa kuwa wa wiki ukawa wa miezi. Afmadow ilifikiwa mwishoni mwa Mei 2012 na Kismayu mwishoni mwa Septemba. Katikati ya mwaka huo jeshi lilikwisha kuingizwa rasmi katika AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, na posho ya kikosi hicho, dola 1,028 kwa mwezi kabla ya makato ya serikali husika, ikaja kuwa ada ya shule na kiwanja katika nyumba nyingi za Kenya. Wazazi hawakuwa wajinga wa hatari. Waliipima, wakaona karo za wadogo wanne, wakanyamaza.

Ile safari ya kwanza ya kijana kwenda Somalia ndiyo iliyowasumbua kuliko zote zilizofuata. Mtoto mwenyewe hakujua ataona nini, kwa hiyo hakuweza kuwatuliza wazazi kwa maneno yenye uzito. Alisema ni kazi tu, kama kazi nyingine. Mama aliyaona macho yake, akajua anamficha. Familia za Kikristo zilimwita mchungaji akamwekea mikono. Familia za Kiislamu zilisoma Yasin, zikachinja mbuzi wa sadaka, na kijana akafundishwa tena Ayatul Kursi kama kwamba hakuijua tangu chuoni. Baba, ambaye kwa kawaida hana maneno mengi, alimpa wasia wa kutotangulia mbele pasipo sababu, wasia ambao baba wote wa askari hutoa na ambao hakuna ofisa anayeufurahia.

Baada ya hapo ilibaki simu. Karibu na mpaka mtandao wa Kenya hushika mahali na mahali. Ndani zaidi, askari alipiga kwa laini ya Somalia, na kwenye kioo cha simu ya mama ikatokea namba inayoanza na 252. Akina mama wasiojua kusoma waliijua namba hiyo kwa umbo lake. Mazungumzo yalikuwa mafupi: umekula, mvua imenyesha, mtoto wa dada yako amezaliwa, pesa imefika. Mahali alipo hakupataja, kama vile babu yake asivyotaja katika barua ya Burma, na mama hakuuliza. Mama akipiga yeye, mara nyingi alijibiwa na sauti ile isiyobadilika, mteja hapatikani kwa sasa. Wengine walipiga tena na tena hadi usiku, wakaweka simu chini ya mto, chaja ikiwa ukutani. Mzazi wa 1941 alingoja mwezi mzima kabla ya kuanza kuogopa. Simu imeufupisha muda huo ukawa saa tatu, na hakuna ushahidi kwamba imewapunguzia wazazi hofu.

Kwa mzazi wa Garissa kulikuwa na zaidi. Mji wenyewe ulikuwa uwanja wa vita. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili yalishambuliwa wakati wa ibada na watu 17 wakauawa. Tarehe 19 Novemba mwaka huo wanajeshi watatu walipigwa risasi mjini wakibadilisha gurudumu la gari. Kilichofuata kiliwarudisha wazee katika mwaka 1980: soko likateketea, watu wakapigwa na wengine kujeruhiwa kwa risasi. Wakazi, viongozi wao na mashirika ya haki za binadamu waliwalaumu wanajeshi, na jeshi likakana. Mzazi mwenye mwana jeshini na kibanda katika soko lile aliumizwa pande zote mbili kwa siku moja.

Pia alipaswa kuulinda ulimi wake. Machifu, polisi wa akiba na watumishi wa serikali wameuawa au kutekwa katika vijiji vya Garissa na Mandera kwa kosa la kuitumikia serikali, na jamaa ya mwanajeshi alikuwa na sababu ya kutosha ya kusema mwanawe anafanya kazi Nairobi. Mwenzake wa Bungoma au Kitui aliweza kuomba majirani na kanisa zima wamwombee mtoto kwa jina. Yeye aliomba peke yake, alfajiri. Ng'ambo ya mpaka, Jubaland, wanaishi watu wa ukoo wake. Koo za Ogaden ziko pande zote mbili, na Ahmed Madobe, ambaye wapiganaji wake wa Ras Kamboni walishirikiana na Kenya hadi kuingia Kismayu, anatoka katika koo hizo. Kijana wa Garissa akiwa na magwanda ya Kenya aliweza kukutana kwenye kizuizi cha barabarani na mtu anayemjua bibi yake.

Na wako wazazi waliopoteza watoto kwa upande wa pili. Tarehe 2 Aprili 2015 watu wanne wa al-Shabaab wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, na hadi jioni watu 148 walikuwa wamekufa: wanafunzi 142, polisi watatu na wanajeshi watatu. Mmoja wa wauaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu wa Mandera. Baba yake alikuwa ameripoti kwa serikali kwamba mwanawe ametoweka na kwamba anahofia amevuka kwenda Somalia. Wazazi wa wanafunzi walikusanyika uwanja wa Nyayo na kwenye chumba cha maiti cha Chiromo jijini Nairobi, wakiwa na picha mkononi, siku baada ya siku. Waliungana bila kutaka na wazazi wa askari katika kazi ile ile ya kungoja jina lisomwe.

Msiba mkubwa wa jeshi lenyewe ulitokea miezi tisa baadaye. Ijumaa tarehe 15 Januari 2016, kabla ya jua, al-Shabaab waliishambulia kambi ya El Adde katika mkoa wa Gedo. Waliokuwamo walikuwa kombania ya bataliani ya 9 ya Kenya Rifles, ambayo makao yake ni Eldoret, na hawakuwa wamekaa hapo muda mrefu. Gari lililojaa mabomu lilivunja ulinzi, kisha wapiganaji wakaingia. Saa chache baadaye picha za kambi hiyo zilikuwa kwenye simu za watu, na baadhi ya wazazi waliutambua msiba wao humo, katika picha zilizopigwa na adui, kabla ya neno lolote kutoka kwa serikali.

Siku zilizofuata wazazi walisafiri. Walikwenda Eldoret kwenye lango la Moi Barracks, walikwenda Nairobi kwenye hospitali ya jeshi. Miili iliyorudishwa kupitia uwanja wa ndege wa Wilson ilikuwa imeharibika kiasi kwamba wengi walitambuliwa kwa DNA tu, kwa hiyo mama aliombwa sampuli ya mwili wake ili ilinganishwe. Ni vigumu kupata picha inayoonyesha kwa ukaribu zaidi maana ya vita kwa mzazi: mwanamke ameketi kwenye benchi la hospitali, anafunguliwa kinywa kama mwanawe alivyofunguliwa siku ya kuandikishwa. Wengine walingoja wiki, wengine miezi. Tarehe 27 Januari Rais Uhuru Kenyatta aliongoza ibada ya kumbukumbu Eldoret, pamoja na marais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia na Muhammadu Buhari wa Nigeria. Idadi ya waliokufa haikutangazwa. Hassan Sheikh alisema baadaye katika mahojiano kwamba walikaribia 200, na CNN ikataja 141. Mwaka mmoja kamili baada ya ibada ile, 27 Januari 2017, kambi ya Kulbiyow nayo ikashambuliwa. Jeshi lilisema limepoteza watu tisa, al-Shabaab wakadai wameua zaidi ya 50, na wazazi wakaachiwa kuchagua waamini nini.

Hoja ya kuficha idadi ni kwamba adui asipewe ushindi. Ina uzito kwa saa 24, pengine kwa wiki. Baada ya hapo adui anajua kila kitu, kwani yeye ndiye aliyekuwapo, na asiyejua ni mama peke yake. Sheria ya Kenya inamhesabu mtu kuwa amekufa asiposikika kwa miaka saba. Dini zina njia yake fupi zaidi. Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambayo Wasomali na watu wa pwani huyafuata, huruhusu swala ya ghaibu, swala ya jeneza pasipo jeneza, lakini imamu hawezi kuiongoza mpaka ajulishwe kwamba mtu huyo amekufa. Hata mjane hawezi kuanza kuhesabu eda yake. Taarifa moja kutoka makao makuu ya ulinzi ndiyo inayoifungua milango hiyo yote.

Vita havijaisha. AMISOM iligeuzwa kuwa ATMIS Aprili 2022, na tangu Januari 2025 kikosi kinaitwa AUSSOM, na Wakenya wamekuwamo katika vikosi vyote vitatu. Msitu wa Boni, kati ya Garissa na Lamu, umekuwa na operesheni yake tangu Septemba 2015, na mabomu ya kutegwa bado hulipuka katika barabara za Ijara na Hulugho. Tarehe 14 Oktoba ya kila mwaka nchi huadhimisha Siku ya KDF, yaani ya majeshi ya ulinzi ya Kenya, kwa kumbukumbu ya vijana waliovuka Liboi mwaka 2011. Makuruta wapya bado huandikishwa uwanjani Garissa, bahasha za kaki zikiwa mikononi mwa mama zao. Wazazi hao wanastahili jambo moja ambalo halina gharama yoyote: jina na tarehe, kutoka kwa mtu aliyevaa magwanda, mlangoni mwao, kabla ya simu ya mtu mwingine yeyote. Serikali ya Kenya haikuchapisha orodha ya majina ya waliokufa El Adde.